Kuomba kiwanda kichangie mradi wa kijiji: mwongozo kwa kamati za Moshi na Arusha

Barua nyingi zinazofika kwenye geti la kiwanda zinafanana. Zina muhuri wa mtendaji, sahihi ya mwenyekiti na ombi la mstari mmoja: tunaomba msaada wa choo cha shule, au zahanati, au kisima. Hazisemi choo ni cha matundu mangapi, kitakaa kwenye ardhi ya nani, wanakijiji wameshafanya nini, na kikijaa baada ya miaka michache nani atalipa gari la kunyonya. Barua ya namna hiyo inasomwa, inawekwa kwenye faili, na kamati inabaki kusema kampuni haina utu.

Nimekaa na kamati za shule na serikali za vijiji katika shughuli hizi, upande wa tambarare na upande wa mlimani, na ninayoyaandika hapa yanatokana na kazi hiyo. Jambo moja nitalirudia mpaka lieleweke: anzeni na gharama ya kuendesha mradi, kisha ndiyo mje kwenye gharama ya kuujenga. Kampuni kubwa inaweza kujenga jengo kwa miezi mitatu. Jengo hilo litatumika miaka thelathini, na miaka hiyo ni yenu.

Kabla ya yote: mchango, ushuru na fidia havichanganywi

Kwa upande wa madini, marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yanamtaka mmiliki wa leseni aandae mpango wa kuihudumia jamii kila mwaka na kuukubaliana na halmashauri. Kiwanda cha sukari, cha bia, cha vyandarua au cha viatu hakibanwi na kifungu hicho. Kinachotoa kwa jirani zake kinatoa kwa hiari, kwa hiyo lugha ya "ni haki yetu mtujengee" haina pa kushika.

Lakini yapo mengine ambayo ni wajibu. Kiwanda hulipa halmashauri ushuru wa huduma kulingana na mauzo yake. Fedha hiyo ni ya wananchi kupitia bajeti ya halmashauri, na mahali pa kuiulizia ni kwa diwani wenu na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Msikubali iitwe msaada.

Halafu kuna fidia. Maji machafu yakiingia kwenye mfereji wenu, au moshi na vumbi vikiwaumiza, hilo linapelekwa kwa afisa mazingira wa halmashauri, kwa chombo cha taifa cha mazingira (NEMC), na Ofisi ya Bonde la Pangani iliyopo Moshi kama linahusu mto au chemchemi. Nimeshuhudia kijiji kikinyamazishwa na mabati mia mbili huku mfereji ukiendelea kunuka. Darasa likapata paa, mashamba ya chini yakaharibika. Mkiwa na malalamiko na ombi kwa wakati mmoja, fungueni mafaili mawili, barua mbili, na wasemaji wawili tofauti. Na katika makubaliano ya mchango, msisaini kifungu chochote kinachosema mmefuta madai.

Hatua ya kwanza: mkutano mkuu uamue

Mradi uliobuniwa na watu watatu kwenye kibanda cha chai unakuja kuwa na maadui siku ya kuchimba msingi. Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, ndio wenye mamlaka ya mwisho kijijini, na unapaswa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mjini mna mkutano wa mtaa. Pelekeni hoja huko, muiandike kwenye muhtasari, nao uambatanishwe na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Muhtasari huo ndio karatasi ya kwanza atakayoitafuta mtu makini wa kampuni.

Kama hoja ni maji au vyoo, hakikisheni akina mama wanasema kabla ya wazee kufunga mjadala. Wao ndio wanaobeba ndoo, na wao ndio wanaojua kwa nini binti wa darasa la saba hakai shule wiki nzima.

Baada ya hapo muulizeni diwani au mtendaji wa kata kama mradi huo umo kwenye mpango wa halmashauri. Ukiwemo, ombeni kiwanda kizibe pengo tu. Hakuna aibu kubwa kama kampuni kujenga madarasa mawili, kisha serikali inaleta fedha za madarasa yale yale.

Hatua ya pili: hesabu

Hapa kaeni. Kamati ikimaliza kazi hii vizuri, zinazofuata zote zinakuwa nyepesi.

Tuchukue mfano wa shule ya msingi yenye wasichana 412 na wavulana 380. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Wasichana wanahitaji matundu 21, wavulana 16, jumla 37. Shule ina matundu 6 ya wasichana na 5 ya wavulana. Pengo ni 26: kumi na tano upande wa wasichana, kumi na moja upande wa wavulana.

Sasa msiandike "tunaomba matundu 26". Gaweni. Awamu ya kwanza iwe matundu 12, nane ya wasichana na manne ya wavulana, pamoja na chumba cha kujisitiri chenye maji, ndoano na sehemu ya kuchomea taulo zilizotumika, tundu moja la mtoto mwenye ulemavu lenye njia ya kiti cha magurudumu na mlango mpana, na sehemu ya kunawia mikono. Awamu ya pili mtaiomba mkiwa na awamu ya kwanza inayofanya kazi, na hapo hata kampuni iliyokataa mwanzo inaweza kusikiliza.

Mwombeni mhandisi wa halmashauri au wa wilaya awape ramani ya kawaida na mchanganuo wa vifaa na gharama. Kisha chukueni bei kwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, yenye risiti halali. Mchanganuo utaje vitu kwa jina na kipimo: saruji ya daraja gani, nondo za milimita ngapi, mabati ya geji ngapi. Ukiandika "mabati" peke yake utaletewa geji 30 ambayo upepo wa tambarare unaing'oa, wakati ulitaka geji 28. Mkumbuke namba ya geji ikipungua bati linakuwa nene.

Angalieni ardhi pia. Kahe na maeneo ya chini yaliyo karibu na chemchemi kama Miwaleni, maji ya ardhini hayako mbali, shimo refu linafurika masika na uchafu unaingia kwenye visima. Huko mashimo yanajengewa juu au mnatumia tangi la kunyonya. Kule Arumeru mnaweza kugonga mwamba wa volkano futi chache tu. Mhandisi aje aone, asichore akiwa ofisini.

Mwisho wa hesabu, wekeni mchango wenu kwa shilingi. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, una thamani. Kuchimba mashimo, kusomba mawe, mchanga wa mtoni, maji ya ujenzi, chakula cha mafundi: vyote vina bei ya soko. Mkijumlisha mkaona wananchi wamebeba robo ya mradi, hilo liandikeni juu kabisa. Meneja anayeona jirani ameshatoka jasho anasoma ukurasa wa pili.

Hatua ya tatu: nani ataendesha

Chukueni karatasi nyingine, andikeni gharama za kila mwezi baada ya ufunguzi. Kwa vyoo vyetu vya mfano, tuseme mfagizi 100,000, sabuni na dawa 40,000, bili ya maji 60,000, akiba ya kunyonya na matengenezo 50,000. Hiyo ni shilingi 250,000 kwa mwezi, milioni 3 kwa mwaka. Bei za kwenu zitakuwa tofauti, ila mistari ni hiyo hiyo.

Sasa milioni 3 inatoka wapi? Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka na ina kazi nyingi za kufanya. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, na mchango wa mzazi ni wa hiari na una taratibu zake kupitia halmashauri. Kwa hiyo kamati itafute vyanzo vyake: sehemu ya ruzuku, mapato ya shamba au migomba ya shule, fungu dogo kutoka mapato ya kijiji. Panapobaki pengo, hapo ndipo mnaweza kuiomba kampuni ichangie uendeshaji kwa miaka miwili ya mwanzo, mwaka wa pili kwa nusu ya wa kwanza, huku mkionesha mwaka wa tatu mtajitegemea vipi.

Kwa nini nasisitiza kujitegemea? Kwa sababu kiwanda si cha milele. Arusha tulikuwa na General Tyre, kiwanda cha matairi kilichotegemewa na mji mzima, na uzalishaji wake ulisimama mwaka 2009. Kiltex, kiwanda cha nguo, nayo ilikuwepo. Viwanda hubadilisha wamiliki, hubadilisha wakurugenzi, hupata miaka mibaya ya soko. Choo hakijui mambo hayo.

Kila aina ya mradi ina swali lake gumu, na mnapaswa kuwa na jibu lililoandikwa.

Zahanati: nani atakuwa mganga na muuguzi? Jengo bila mtumishi ni ghala. Pateni barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya inayosema eneo linastahili zahanati na kwamba watumishi na dawa vitaingizwa kwenye mpango. Bila barua hiyo msiombe hata tofali.

Kisima: je, maji ni salama, na nani atayauza? Huku kwetu hili ni zito kuliko kwingine. Ukanda wa Mlima Meru na sehemu nyingi za Arumeru una madini ya floridi kwenye maji kwa wingi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima vyenye mara kadhaa ya hapo. Matokeo yake tunayaona kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu na, inapozidi, kwenye mifupa inayopinda. Maji hayo yanaonekana safi kabisa, hayana harufu, na kuyachemsha hakusaidii. Kwa hiyo kampuni isichimbe kabla ya upimaji wa kitaalamu wa eneo, na kisima kisifunguliwe kabla ya majibu ya maabara kutoka. Kuchimba kunahitaji pia kibali cha ofisi ya bonde. Vijijini mradi unakabidhiwa kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji; mjini ni mamlaka ya maji, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi. Waiteni tangu siku ya kwanza, kwa sababu wao ndio watakaorithi pampu.

Madarasa: je, kuna madawati na walimu? Hapo hesabu ni rahisi, darasa la msingi ni wanafunzi 45.

Hatua ya nne: ijue kampuni kabla hujabisha hodi

Kampuni hutoa karibu na pale inapofanya kazi na karibu na kile inachokifanya. TPC, yenye mashamba ya miwa kusini mwa Moshi, ilianza mwaka 1930 chini ya A.P. Møller wa Denmark, ikataifishwa, ikabinafsishwa mwaka 2000 na serikali ikabaki na asilimia 25 ya hisa. Kwa vijiji vinavyoizunguka, kazi zake nyingi za jamii zimepitia shirika la FT Kilimanjaro. Kijiji kilichoko nje ya eneo hilo kikiandika kwa meneja wa kiwanda, kitakuwa kimegonga mlango usio wake. Serengeti Breweries, yenye kiwanda Moshi, ina programu ya Kilimo Viwanda inayosomesha vijana kwenye vyuo vya kilimo. Ukiitazama utaona mantiki: kiwanda kinahitaji shayiri, mahindi na mtama, na vijana hao ndio watakaomshauri mkulima. A to Z ya Arusha inatengeneza vyandarua vyenye dawa, na teknolojia yake ya mwanzo ilitoka Sumitomo Chemical ya Japani. Kampuni ya namna hiyo hoja ya malaria inaielewa bila maelezo marefu.

Na si kila utoaji ni wa majengo. Hayati Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame na mwenye makampuni ya IPP ambayo Bonite ya Moshi ni mojawapo, atakumbukwa kwa chakula alichokula na watu wenye ulemavu na kwa kampeni ya kupanda miti Mlima Kilimanjaro. Kuna wakati mnachohitaji ni fundi wa kiwanda aje Jumamosi mbili kutengeneza pampu, au vijana watano wapokelewe kwa mafunzo ya vitendo ya uchomeleaji na umeme. Kiwanda kina karakana, kina wahandisi, kina magari. Ombi la ujuzi haligusi sana bajeti na mara nyingi linakubaliwa haraka kuliko ombi la fedha. Mimi ningependa kamati nyingi zaidi ziombe hivyo.

Ulizeni mambo matatu kwa afisa uhusiano au ofisi ya utumishi: nani anaamua (meneja wa hapa, au makao makuu Dar es Salaam), mwaka wa fedha wa kampuni unaanza lini, na vitu gani hawachangii kabisa. Kampuni nyingi hazitoi kwa shughuli za vyama vya siasa, wala fedha taslimu kwa mtu binafsi. Pelekeni ombi miezi kadhaa kabla bajeti yao haijafungwa.

Jueni pia faida yao ya kodi, maana itawasaidia kuzungumza. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii ukatwe kwenye hesabu, ila usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mchango kwa Mfuko wa Elimu wa Taifa, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kusimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, haumo kwenye kikomo hicho. Kwa mradi wa shule, mtajieni mhasibu wao njia hiyo.

Hatua ya tano: barua

Ukurasa mmoja. Viambatanisho ndivyo vitakavyobeba uzito: muhtasari, ramani, mchanganuo, karatasi ya uendeshaji, uthibitisho wa umiliki wa ardhi, na picha nne za hali ilivyo. Ipitishwe kwa mtendaji wa kata na nakala iende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"YAH: OMBI LA MCHANGO WA UJENZI WA MATUNDU 12 YA VYOO VYA SHULE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule yetu ina wasichana 412 na wavulana 380, na matundu 11 tu ya vyoo, wakati mahitaji ni 37. Mkutano mkuu wa kijiji uliazimia kuanza na matundu 12. Wananchi tumeshachimba mashimo na kusomba mawe tripu 14 na mchanga tripu 9, na thamani yake imeoneshwa kwenye kiambatanisho Na. 3. Tunaiomba kampuni ichangie saruji, nondo, mabati na milango kama inavyooneshwa kwenye kiambatanisho Na. 4. Usafi na matengenezo vitagharimiwa kama ilivyo kwenye kiambatanisho Na. 5. Tunakukaribisha kuja kuona eneo siku utakayoona inafaa."

Basi. Hakuna haja ya kusifia kampuni aya mbili, wala kulia umaskini. Namba zenyewe zinatosha kuonesha shida.

Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na baada ya wiki tatu mtu mmoja, yule yule, apige simu kuulizia. Akijitokeza mtu anayedai "ya soda" ili barua ipande juu, msimpe. TAKUKURU wana ofisi mjini, na mradi ulioanza kwa rushwa hauna wa kuutetea.

Hatua ya sita: siku wageni wanapokuja

Msiwatandikie zulia. Wapelekeni kwenye shimo, wakaone. Mwalimu mkuu awe na daftari la mahudhurio, fundi awe na ramani, na mama mmoja wa kamati awe ameandaliwa kusema. Maswali yatakuja ghafla. Meneja mmoja aliuliza, akiwa bado ameshika mlango wa gari: "Mzee, hili tangi likijaa?" Mwenyekiti akamjibu, "Shikamoo yangu kwa mhandisi wako kwanza, halafu tazama hapa," akafungua daftari la akaunti ya matengenezo, lenye miezi mitano ya makusanyo madogo madogo. Mazungumzo yalibadilika palepale. Walikaa chini ya mwembe karibu saa nzima wakijadili bei ya gari la kunyonya.

Anzisheni akaunti hiyo kabla ya kuomba. Hata ikiwa na laki moja.

Hatua ya saba: makubaliano ya maandishi

Yawe kurasa mbili tatu, yaliyosainiwa na kampuni, kijiji au shule, na halmashauri kama shahidi na mmiliki wa mwisho. Yaseme kampuni inatoa nini, kwa kipimo, lini. Wananchi wanatoa nini. Nani anasimamia ubora. Kikibaki kifaa kinakwenda wapi. Nani ni mmiliki baada ya makabidhiano.

Vipo viwili ambavyo kamati husahau. Cha kwanza ni kibao na picha. Ni haki kampuni kuweka jina lake ukutani. Lakini watoto wasipigwe picha chooni au wakiwa wameshika bidhaa za matangazo bila wazazi kukubali. Na kama mchangiaji anatengeneza pombe, nembo ya bia isiwe kwenye ukuta wa shule ya msingi. Kampuni makini zenyewe hazitaki hilo, kwa hiyo lisemeni bila hofu. Cha pili ni ratiba ya mvua. Masika yetu ni Machi hadi Mei. Msaini mapema ili msingi uwe umetoka ardhini kabla ya Machi, au subirini Juni, shule zikiwa zimefungwa na watoto hawapo karibu na mashimo.

Fedha zikitolewa, ziingie akaunti ya shule au ya kijiji kwa stakabadhi, kamwe zisiingie kwenye simu ya mwenyekiti.

Hatua ya nane: ujenzi

Miradi hii mingi inakwenda kwa fosi akaunti, yaani mafundi wa hapa hapa na usimamizi wa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye mbili. Kamati ya mapokezi ndiyo yenye kazi inayodharauliwa kuliko zote, kuhesabu. Kila gari likishusha, wahesabu mifuko, wapime nondo, wapige picha ya namba ya gari, waandike kwenye leja, wasaini wawili.

Saruji msiipokee yote siku moja. Mifuko 400 kwenye stoo yenye sakafu ya udongo itaganda kabla hamjafika kwenye lenta. Iombeni ije kwa mafungu, mfano mifuko 100 kila hatua, ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, isipite mifuko kumi kwenda juu. Mfuko ambao ukiubonyeza una mabonge magumu usitumike kwenye nguzo wala kwenye mfuniko wa tangi, kwa sababu watoto watasimama juu yake.

Mpeni fundi maji ya kumwagilia zege angalau siku saba. Jua la Kahe linalikausha haraka likapasuka.

Hatua ya tisa: makabidhiano na baada yake

Sherehe iwe fupi. Muhimu ni hati ya makabidhiano na jengo kuingizwa kwenye regista ya mali za shule, ili matengenezo yake yaweze kuombewa fedha kwenye bajeti ya halmashauri.

Kisha ripoti. Mwezi wa kwanza, wa sita na wa kumi na mbili tumeni ukurasa mmoja: fedha na vifaa vilivyopokelewa, vilivyotumika, vilivyobaki, na hali ya jengo kwa picha. Wekeni na namba moja au mbili za matokeo, kwa mfano mahudhurio ya wasichana wa darasa la sita na la saba kabla na baada. Bandikeni nakala hiyo hiyo kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Kama kuna kilichoharibika, semeni. Kampuni inayojua mlango wa tatu umevunjika na umeshatengenezwa inawaamini zaidi ya ile inayoambiwa kila kitu kiko sawa.

Wakikataa

Ombeni sababu kwa maandishi, mrekebishe, na msipeleke ombi jipya kabla ya mwaka wao mpya wa fedha. Wakati huohuo faili lile lile lipelekeni kwingine: Mamlaka ya Elimu Tanzania kwa miundombinu ya shule, halmashauri kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, vyama vya ushirika, benki zenye matawi mjini, na wazaliwa wa kijiji walioko Dar es Salaam ambao hurudi nyumbani Desemba. Kwa hao wa mwisho, itisheni kikao kati ya Krismasi na mwaka mpya, mwaoneshe mashimo yaliyochimbwa na mchanganuo wenye bei, na kila mmoja achague mstari anaoweza kuubeba: milango, mabati, au mshahara wa mfagizi wa mwaka mzima.